Tom Mboya: Mtoto wa Shamba la Mkonge Aliyesomea Kazi ya Kupatana

Mhariri wa jarida letu amenitaka niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri, ambaye habari zake zitatufaa sisi tuliokwisha kumaliza shule zamani na pia vijana ambao hivi sasa wanakalia madawati yale yale tuliyoyakalia sisi. Nimemchagua Thomas Joseph Mboya wa Kenya. Bila shaka wapo watakaouliza kwa nini nimevuka mpaka kwenda kutafuta mtu wa mbali, na hali Kusini yetu ina mashujaa wake. Ninazo sababu tatu.

Kwanza, Mboya alizaliwa katika shamba la mkonge, na hapa Lindi hakuna asiyejua maana ya kuzaliwa katika kambi ya mkonge. Pili, mkono wake ulikuwamo katika kuanzishwa kwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, ambalo Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa kijana aliyepata sehemu ya elimu yake kule Liwale. Tatu, Mboya alikwenda chuoni kusomea jambo ambalo watu wengi hudhani halihitaji kusomewa: vyama vya wafanyakazi, na namna ya mfanyakazi na mwajiri kukaa mezani wakapatana. Mimi mwenyewe nilipochagua somo la uhusiano wa kazini nilipokuwa Chuo Kikuu, Mlimani, wazee wangu nyumbani walidhani nimekwenda kusomea ugomvi. Makala haya ni jibu langu kwao, ingawa wengi wao wamekwisha tangulia mbele ya haki.

KAZI NA UJIRA KATIKA PWANI YETU

Kabla sijamleta Mboya mwenyewe, yafaa tukumbuke tulipotoka. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika pwani hii. Watu walioletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa walipitishwa hapo kwenda Unguja na kwingineko. Mtumwa hana ujira, na kwa hiyo hana la kupatana.

Wajerumani walipokuja walileta kazi ya namna nyingine. Katika Umatumbi, nyuma ya Kilwa, watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya viboko vya maakida, na malipo yakawa kidogo sana au hayakuwapo kabisa. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na huo ndio ukawa mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Kila tunapopita Kilwa Kivinje na kuonyeshwa mahali pa Mwembe Kinyonga, ambapo wapiganaji walinyongwa, tunazungumza juu ya ushujaa wao, na ni haki. Lakini tukiitazama asili ya jambo lenyewe, tutaona kwamba palikuwa na malalamiko juu ya kazi na malipo, na hapakuwa na meza ya kuyaweka. Mahali pasipo na meza, mwisho wake ni mkuki na bunduki.

Baadaye ukaja mkonge. Mashamba yalitanda kuzunguka mji wa Lindi, kama vile Kikwetu, na kuelekea Mikindani. Walikuja manamba kutoka bara, na Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Mfanyakazi alipewa kipande chenye siku 30 za kazi. Akishindwa kumaliza kipimo cha siku ile, siku hiyo haikuhesabiwa, na mshahara ukangoja mpaka kipande kijae. Nyapara ndiye aliyekuwa hakimu. Nani angekwenda ofisini kwa bwana shamba kusema kwamba kipimo ni kikubwa mno? Mtu mmoja akisema hufukuzwa, na watu elfu moja wasiopangwa wakisema pamoja huitwa wafanya fujo.

UTOTO WAKE

Katika shamba la namna hiyo hiyo, Kilima Mbogo, karibu na Thika, ndipo Tom Mboya alipozaliwa tarehe 15 Agosti 1930. Wazazi wake walikuwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Viktoria. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikwenda huko kutafuta kazi, akapanda hadi kuwa nyapara. Hivyo Mboya hakulelewa katika kijiji cha kabila lake. Alikulia kambini kati ya watoto wa makabila mengi, na tangu udogo alizungumza Kiswahili na lugha nyingine zaidi ya ile ya nyumbani. Nadhani jambo hilo lilimfaa baadaye kuliko cheti chochote, kwa maana alipokuwa kiongozi wa wafanyakazi wa Nairobi hakuwa mgeni kwa mtu yeyote.

Wazazi wake walikuwa Wakatoliki, wakampeleka shule ya misheni Kabaa, katika Ukambani. Huko watoto wa darasa la chini waliandika mchangani kwa vidole na vijiti, kwa kuwa hapakuwa na mbao za kuandikia za kuwatosha. Mwaka 1942 alihamia Yala, na mwaka 1946 akaingia Mangu, shule iliyokuwa na sifa kubwa. Alifaulu mtihani wake, lakini fedha za kuendelea hadi cheti cha Cambridge hazikuwapo. Yeye alikuwa mkubwa, na nyuma yake walikuwapo wadogo waliotakiwa kusoma pia. Wengi katika sisi tunaijua hesabu hiyo: mshahara wa baba ni mmoja na watoto ni wengi.

Basi akatafuta masomo ambayo mwanafunzi analipwa posho badala ya kulipa. Mwaka 1948 alianza mafunzo ya ukaguzi wa afya, na alipomaliza mwaka 1950 alikuwa mwenyekiti wa baraza la wanafunzi. Mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

BWANA AFYA

Kazi yake ilikuwa kukagua usafi wa vyakula, maziwa na nyumba. Mkaguzi wa Kizungu alifanya kazi ile ile, lakini mshahara wa Mwafrika ulikuwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake. Siku moja Mboya alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa. Akaingia mama wa Kizungu na chupa yake, akatazama huku na huku, akauliza kama humo ndani hamna mtu. Mboya alikuwa ameketi mbele yake. Baadaye alilisimulia jambo hilo katika kitabu chake alichokitoa mwaka 1963, nami naona tukio hilo limebeba sheria yote ya kazi ya kikoloni. Mwafrika alikuwapo kazini lakini hakuhesabiwa kuwa mtu wa kuzungumza naye.

Mboya alianza kuhesabu watu. Watumishi Waafrika wa Baraza la Jiji walikuwa na chama chao, lakini kilikuwa zaidi chama cha kuonana na kuandaa shughuli. Alichaguliwa kukiongoza, akazunguka kutoka idara hadi idara kuandikisha wanachama, na katika muda mfupi chama hicho kikageuzwa kuwa chama hasa cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, kikaandikishwa kisheria. Mwaka 1953 aliacha kazi ya Baraza. Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 23 tu, akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vyote vya wafanyakazi vya Kenya, ambalo mwaka 1955 lilipata jina la Kenya Federation of Labour.

Lazima msomaji akumbuke hali ya wakati ule. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa mwezi Oktoba 1952. Vyama vya siasa vya Waafrika vilipigwa marufuku, na viongozi wake walikuwa kizuizini. Mwezi Aprili 1954 askari waliuzunguka mji wa Nairobi wakakamata maelfu ya watu, na wengi wao walikuwa wafanyakazi na wanachama wa vyama. Chombo pekee kilichobaki ambacho Mwafrika angeweza kusema ndani yake bila kuvunja sheria kilikuwa chama cha wafanyakazi. Mboya alilazimika kutembea juu ya kamba nyembamba: akinyamaza, wanachama watasema amenunuliwa, akipaza sauti kupita kiasi, ofisi itafungwa kwa kufuli.

BANDARINI MOMBASA

Mwezi Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Haukuwa mgomo ulioandaliwa na chama. Uliwaka wenyewe kama moto wa nyika. Meli zikasimama na askari wakaletwa. Mboya alisafiri kutoka Nairobi, akaenda kuzungumza na wagomaji wenyewe. Aliwataka warudi kazini, na kwa upande wa pili akawabana waajiri na serikali wakubali madai yasikilizwe na msuluhishi. Halikuwa jambo jepesi kumwambia mtu mwenye njaa arudi kazini kabla hajaona senti. Lakini walimwamini, na baraza la usuluhishi lilipotoa uamuzi wake, mshahara wa makuli uliongezwa kwa asilimia 33.

Vijana wanaosoma makala haya watazame vizuri jinsi jambo hilo lilivyotendeka. Mgomo peke yake ulikuwa nguvu, na nguvu isiyo na mtu wa kuitafsiri mezani huisha siku chakula kinapoisha nyumbani. Mazungumzo peke yake nayo, bila nguvu ya watu nyuma yake, ni maombi tu. Mboya alileta hivyo viwili pamoja. Alijua bei ya unga na kodi ya chumba Mombasa, alijua meli inayongoja inamgharimu mwenyewe fedha kila siku, na alijua kiasi ambacho waajiri wangeweza kutoa bila kuanguka. Hiyo ndiyo elimu yenyewe.

OXFORD

Hata hivyo aliona kwamba mengi aliyoyajua alikuwa ameyaokota njiani. Mwezi Oktoba 1955 alikwenda Uingereza kwa msaada wa masomo, akaingia Chuo cha Ruskin katika mji wa Oxford. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wazima wa tabaka la wafanyakazi ambao hawakupata nafasi ya kusoma wakati wao: wachimba makaa, watu wa reli, makarani wa viwandani. Wanafunzi wake walikuwa wenye msimamo, kiasi kwamba mwaka 1909 waligomea chuo chao wenyewe kwa sababu ya ugomvi juu ya mafunzo. Mahali kama hapo palimfaa Mboya.

Alisoma siasa na uhusiano baina ya waajiri na wafanyakazi. Chuoni humo mwanafunzi huandika insha, kisha huenda kuisoma mbele ya mwalimu wake na kuitetea neno kwa neno. Alijifunza historia ya vyama vya Uingereza tangu zamani vilipokuwa kosa la jinai mpaka vikawa na uwezo wa kutikisa serikali. Alijifunza jinsi mapatano ya pamoja yanavyoandikwa, jinsi hesabu za kampuni zinavyosomwa, na jinsi mashauri ya kazi yanavyopelekwa kwa msuluhishi. Bibi Margery Perham, mwalimu mashuhuri wa mambo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Oxford, alimsaidia, na mwaka 1956 Mboya akatoa kijitabu juu ya suala la Kenya ambacho Bibi huyo alikiandikia utangulizi.

Masomo hayo yalipata mtihani wake kabla hata hajarudi. Mwanzoni mwa mwaka 1956 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitishia kulifuta shirikisho lake kwa madai kwamba linafanya siasa. Mboya, akiwa huko huko Uingereza, aliwaendea wakuu wa shirikisho la vyama vya Uingereza, TUC, na Katibu Mkuu wao, Vincent Tewson, akapanda ndege mpaka Nairobi kuzungumza na serikali. Shirikisho halikufutwa. Lakini halikutoka bila hasara, maana lilitakiwa lipunguze mambo ya siasa. Hayo ndiyo mapatano: unaokoa nyumba, lakini pengine unaacha dirisha moja.

Baada ya mwaka mmoja aliondoka Oxford. Hakutoka na digrii. Alipita Marekani kuhutubia, na vyama vya wafanyakazi vya huko, AFL-CIO, vikaahidi dola 35,000 za kujenga makao ya shirikisho lake mjini Nairobi. Fedha hizo zilimfuata maisha yake yote. Wapinzani wake walisema ni kibaraka wa Wamarekani, na yeye alijibu kwamba jengo ni la wafanyakazi wa Kenya. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Katika miaka ile ya mvutano wa mataifa makubwa hakuna aliyetoa fedha bure, na wale waliokuwa wakimlaumu walikuwa wakipokea za upande mwingine.

UPANDE WETU WA MPAKA

Sasa nirudi kwetu. Mwaka 1955, kabla ya kwenda Oxford, Mboya alifika Dar es Salaam akakutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika. Vyama vilikuwapo, lakini vilitawanyika, kila kimoja na kona yake. Ushauri wake ulikuwa mmoja: ungeni nguvu. Mwezi Oktoba 1955 Tanganyika Federation of Labour ilizaliwa, na Katibu Mkuu wake wa kwanza akawa Ndugu Rashidi Mfaume Kawawa.

Ndugu Kawawa alizaliwa Matepwende, Songea, mwaka 1926, akapata sehemu ya masomo yake ya awali Liwale, kisha Dar es Salaam na Tabora. Alipata nafasi ya kwenda Makerere, akaiacha ili afanye kazi na kuwasomesha wadogo zake. Tazameni vijana hawa wawili walivyofanana. Mmoja alikosa cheti kwa ajili ya wadogo zake, mwingine aliacha Chuo Kikuu kwa ajili ya wadogo zake, na wote wawili chuo chao cha kwanza kikawa chama cha wafanyakazi.

Chini ya TFL vyama vilienea hata katika mashamba ya mkonge. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kilikaa meza moja na wenye mkonge, kikajadili kipimo cha kazi, mshahara na posho. Kwa mara ya kwanza mkata mkonge alikuwa na mtu wa kumsemea ambaye bwana shamba hakuweza kumfukuza kazi.

KITI KIMEGEUKA

Mambo yalikwenda mbio. Machi 1957 Mboya alichaguliwa kuwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima uliofanyika Accra, naye ana miaka 28. Mwaka 1959 alianzisha mpango wa kuwasafirisha wanafunzi kwenda vyuo vya Marekani; ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81, na mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Katika miaka iliyofuata walikwenda mamia, wakiwamo pia wanafunzi wa Tanganyika. Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alikuwa mmoja wa wale waliokwenda mwaka 1960. Mtu asiyekuwa na digrii aliwatafutia wenzake digrii kwa mamia.

Mwaka 1960 akawa Katibu Mkuu wa KANU, na mwaka 1962 akateuliwa kuwa Waziri wa Kazi. Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu. Mtu aliyekuwa akikaa upande huu wa meza alihamishiwa kichwani mwa meza. Migomo ilikuwa mingi mno mwaka ule, maana uhuru ulikaribia na kila mfanyakazi alitaka kuuonja. Baadhi ya waliogoma walikuwa wanafunzi wake mwenyewe katika kazi ya chama. Mboya aliwaita viongozi wa vyama na waajiri, na mwezi Oktoba 1962 wakatia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Kazini. Waajiri walikubali kuvitambua vyama na kujadiliana navyo. Vyama vilikubali kutogoma kabla njia zote za mazungumzo na usuluhishi hazijakwisha. Mwaka 1964 ikafuata Mahakama ya Viwanda, na mwaka 1965 vyama vyote vikawekwa chini ya shirikisho moja, COTU, lenye mkono wa serikali ndani yake.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine lakini yakafika karibu na hapo hapo. Ndugu Kawawa alikuwa Waziri Mkuu tangu Januari 1962, na mwaka huo huo serikali yake ilipitisha sheria zilizobana sana haki ya kugoma na kuvifunga vyama kwa TFL. Baadhi ya viongozi wa vyama waliokuwa ndugu zake katika mapambano walipinga. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, viongozi kadhaa walikamatwa, TFL ikavunjwa, na chama kimoja tu, NUTA, kikaundwa kwa sheria, naye Waziri wa Kazi akawa ndiye Katibu Mkuu wake.

Je, watu hawa wawili waliwasaliti waliowabeba? Swali hili nimelisikia darasani Mlimani, na nimelisikia vijiweni. Wao walikuwa na hoja. Nchi changa, mfanyakazi wa mshahara ni mmoja kati ya wakulima wengi maskini. Akigoma kila mwezi ili aongezewe, nani atamlipia mkulima wa korosho wa Nachingwea zahanati yake? Hoja hiyo ni nzito, nami siidharau. Lakini naona tofauti moja. Mkataba wa Mboya wa mwaka 1962 uliacha meza ikiwa na pande zake, hata kama mgomo ulisogezwa mbali. Pale Katibu Mkuu wa chama na Waziri wanapokuwa mtu mmoja, meza imebaki na kiti kimoja, na mtu hawezi kupatana na nafsi yake. Tulichukua miaka mingi kulirekebisha jambo hilo hapa Tanzania, mpaka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipokuja na kurudisha haki ya majadiliano ya pamoja, pamoja na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

MWISHO WAKE

Baada ya uhuru wa Kenya, Mboya alikuwa Waziri wa Sheria na Katiba, kisha Waziri wa Mipango ya Uchumi. Mwaka 1965 yeye ndiye aliyeongoza kutolewa kwa waraka wa serikali juu ya ujamaa wa Kiafrika, ambao kwa kweli uliacha mali nyingi mikononi mwa watu binafsi. Wengi walimwona kuwa ndiye atakayeshika nchi baada ya Mzee Kenyatta. Mtu anayetajwa hivyo hupata maadui asiowajua.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, alikuwa akitoka katika duka la dawa katika barabara ya Government Road mjini Nairobi, ambayo sasa huitwa Moi Avenue. Akapigwa risasi, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 38, akamwacha mjane wake, Pamela, na watoto. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo akanyongwa mwaka ule ule, lakini maswali juu ya nani alikuwa nyuma yake hayakunyongwa. Mboya alizikwa Rusinga, kisiwa cha wazee wake. Makabila yaliyokuwa yakikaa pamoja katika kambi ya mkonge alikozaliwa yalianza kutazamana kwa jicho baya, na Kenya imelilipia jambo hilo mara nyingi tangu siku ile.

TUNAJIFUNZA NINI

Mkonge wenyewe uliomlea Mboya ulianguka. Nyuzi za viwandani ziliingia sokoni, bei ikashuka tangu katikati ya miaka ya 1960, na mashamba mengi ya Lindi yakageuka pori. Lazima niseme hili waziwazi, maana elimu ya kupatana ina mpaka wake: hakuna mapatano, hata yaliyoandikwa vizuri namna gani, yanayoweza kumtetea mfanyakazi wa zao lisilonunuliwa. Ndiyo sababu anayesomea vyama vya wafanyakazi hapana budi asome pia uchumi, sheria na hesabu. Aliyekariri hotuba peke yake atafika mezani na mikono mitupu.

Leo pwani yetu ina kazi nyingine. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, ilianza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004, mwaka ule ule wa sheria niliyoitaja. Zipo hoteli, viwanda vya korosho, shule na hospitali. Vijana mlioko madarasani ndio mtakaoajiriwa humo, na baadhi yenu mtakuwa waajiri. Mtapewa karatasi za mkataba, na wengi watatia sahihi bila kusoma kwa kuogopa nafasi isipotee. Someni kwanza. Ulizeni chama kiko wapi, mkataba wa hali bora unasemaje, na nani alichaguliwa kuwasemea. Na ukichaguliwa wewe, basi ujue hesabu za pande zote mbili kabla hujafungua kinywa, urudi kwa wanachama kabla hujatia sahihi, na siku utakapopewa cheo kikubwa zaidi, uiache meza na viti vyake vyote.

Somo hili lipo katika vyuo vyetu, na milango yake iko wazi. Wanaotaka kulichagua wasiogope kuambiwa wamekwenda kusomea ugomvi. Kule Umatumbi, mwaka 1905, watu walipigana kwa sababu hapakuwa na mahali pa kusema. Anayejifunza kuwapatanisha watu juu ya kazi na ujira anajifunza kuzuia ugomvi, na kuuzuia bila kumnyima mnyonge haki yake. Ndugu zangu tuliotangulia, tuwasaidie vijana hawa kwa vitabu, kwa ada na kwa ushauri, kama Mboya alivyowasaidia wengine kupata kile ambacho yeye mwenyewe alikikosa.